Ndai Inadedi Kila Asubuhi? Kabla Ununue Betri Nyingine, Mtafute Mwizi wa Chaji

Kama unaendesha ndai ya kitambo, hii stori unaijua. Jioni imekuleta hadi kwa keja bila shida. Umepaki, umefunga, umelala. Asubuhi unageuza funguo, inalia tik-tik-tik, halafu kimya. Soja wa geti anakucheki na ile jicho ya "leo tena?" Kama ni ya gia, mnaita wasee wawili wasukume. Kama ni otomatiki, kusukuma haisaidii, unaanza kuzunguka ploti ukiuliza nani ako na waya za jampa.

Ushauri wa kwanza utapewa ni ule ule: "Hiyo ni betri, buda. Nunua ingine." Unachomoa thao kadhaa, unafungiwa betri mpya, wiki mbili uko sawa. Halafu asubuhi moja, tik-tik-tik.

Hapo ndio watu huanza kusema gari imerogwa. Zii. Mara nyingi betri haina makosa, ndio inaibiwa. Kuna kitu ndani ya gari inakula chaji usiku kucha ukiwa umelala, na ukiweka betri mpya bila kukitoa, umekipakulia sahani ingine. Mbaya zaidi, hizi betri zetu za risasi na asidi hazipendi kukauka. Kila ikiisha kabisa na kukaa hivyo, vipande vya ndani vinashika ukoko wa salfeti, na uwezo wake wa kubeba chaji unapungua. Ndio maana betri inaweza kufa mapema kabla hata warranti iishe, na muuzaji akuambie hiyo shida ni ya gari yako, si yake. Na anaweza kuwa anasema ukweli.

Poa ni kwamba huyu mwizi anapimika. Unahitaji mita, spana namba 10 na masaa mawili ya Jumapili.

Mbona ndai za zamani ndio husumbuka sana?

Gari nyingi za mtumba hapa Kenya hutoka Japani, na sheria hairuhusu iingie ikiwa imepita miaka 8. Kwa hivyo ikifika hapa si mtoto tena. Ongeza miaka kumi ya kuishi Nairobi. Mwenyewe wa kwanza aliweka alamu. Wa pili akatoa redio ya Kijapani akaweka ya skrini kubwa. Wa tatu alichukua loan, ikafungwa traka. Wa nne alikuwa mtu wa mziki, akaweka amplifaya kwa buti. Kila mmoja alipata fundi wake, na kila fundi alichuna waya mahali akaunganisha na tepu nyeusi. Wewe ni wa tano, na umerithi hizo waya zote.

Lakini elewa kitu moja: kila gari hula chaji kidogo ikiwa imezimwa. Saa ya dashibodi lazima iendelee, redio ikumbuke stesheni, alamu isikilize rimoti, kompyuta ya injini itunze kumbukumbu yake. Hiyo ni halali. Kwa gari ya kawaida huwa kama miliampea 20 hadi 50. Ndai ya kitambo isiyo na makompyuta mengi inafaa kuwa hata chini ya hapo. Ikipita 50 sana, una mgeni.

Muda wa kudedi unakuonyesha mshukiwa

Kabla hata ushike spana, fanya hesabu. Betri zenye zimeandikwa NS60, zile ziko kwa saluni nyingi za hapa, hubeba karibu ampea-saa 45 zikiwa mpya. Maana yake, kitu cha kula ampea 1 kitaimaliza kwa masaa 45. Lakini si lazima iishe yote ndio ukwame. Ikibaki nusu, hasa kama si mpya, stata inaweza kukataa kuzungusha injini. Kwa hivyo tuseme una ampea-saa 22 hivi za kuchezea.

Sasa cheki:

Taa ndogo ya buti ya wati 5 ikibaki imewaka, inakula kama ampea 0.4. Hiyo ni ampea-saa 10 kwa siku. Unapaki Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi umekwama.

Taa mbili za breki, kila moja wati 21, zinakula ampea 3.5. Hizo zitakumaliza kwa masaa sita na kitu. Paki saa nne usiku, kufika saa kumi na nusu alfajiri umeisha.

Redio yenye imefungwa vibaya na inakula ampea 0.3 bila kulala itakupa siku tatu.

Kitu ya miliampea 70 hivi, kama alamu na traka zikijumlishwa, itachukua wiki mbili. Hii ndio hunasa wasee wenye huenda ocha Krisi wakaacha dinga imepaki.

Kwa hivyo jiulize: inakufa baada ya usiku mmoja, wikendi, ama wiki mbili? Usiku mmoja, tafuta kitu kikubwa: taa, amplifaya, rilei imekwama, ama altaneta. Wikendi, tafuta taa ndogo au redio. Wiki mbili, tafuta vitu vidogo vya elektroniki.

Usilaumu waya kabla upime betri yenyewe

Kuna vitu tatu huleta hii tik-tik-tik: betri imezeeka, altaneta haichaji, ama kuna mwizi. Lazima utoe mbili za kwanza njiani.

Chukua mita ya dijitali, zile za plastiki zinauzwa Luthuli Avenue. Iweke kwa volti za DC, kipimo cha 20. Waya nyekundu kwa terminali ya plus, nyeusi kwa minus. Gari iwe imezimwa na imekaa masaa kadhaa. Ukisoma volti 12.6, betri imejaa. 12.4 iko sawa. 12.2 imebaki nusu. 12.0 kuenda chini, imelia.

Washa injini upime tena. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5 hivi, altaneta inachaji. Ikibaki kwa 12 na kitu, shida si mwizi wa usiku, ni kwamba mchana hakuna chaji inaingia. Cheki mkanda wa altaneta kama umelegea, ama peleka altaneta yenyewe ifunguliwe. Na kama ikipita 15, inachaji kupita kiasi na itaua betri kwa njia ingine.

Halafu kuna jaribio la usiku mmoja, la bure, hata mita si lazima. Chaji betri ijae. Jioni fungua terminali ya minus na spana namba 10, iweke kando isiguse, ulale. Asubuhi irudishe na ugeuze funguo. Ikiwaka fiti, na siku zenye huitoi haiwaki, basi betri ni mzima na mwizi yuko ndani ya gari. Ikikataa hata ukiwa umeitoa, betri ndio imechoka, na hapo kununua ingine ni halali. Hilo jaribio peke yake linaweza kukuokolea bei ya betri.

Kitu ingine, angalia juu ya betri. Kukiwa na uchafu wenye unyevu na ule unga mweupe au wa kijani kwa terminali, chaji inaweza kupitia hapo polepole. Osha na maji moto yenye magadi, suuza, kausha, kaza terminali. Usiruhusu hayo maji yaingie ndani ya mifuniko.

Kuweka mtego

Sasa kazi yenyewe. Mita lazima ikae katikati ya njia, kama ile mita ya maji ya landlord: maji yakipita pembeni, haisomi kitu. Kwa hivyo tunakata njia kwa upande wa minus na kuiweka mita hapo.

Anza hivi. Zima kila kitu, toa funguo, na kama una rimoti ya kisasa iache mbali na gari. Fungua boneti. Fungua pia mlango wa dereva, juu boksi ya fyuzi za ndani huwa chini ya dashibodi na utahitaji kuifikia. Mlango ukiwa wazi taa ya ndani itawaka na kuharibu kipimo, kwa hivyo danganya gari. Kwa ndai nyingi za zamani kuna kibonyezo cha mpira kwa fremu ya mlango: kibonyeze na ukifunge na tepu. Kama swichi iko ndani ya kufuli ya mlango, sukuma ile ndoano ya kufuli na bisibisi hadi ijifunge. Ukimaliza, vuta hendo ya mlango iachilie kwanza, ama ukifunga utaivunja.

Hamisha waya nyekundu ya mita hadi tundu lenye limeandikwa 10A, na uzungushe kipimo hadi 10A. Hapa kuwa makini: mita ikiwa kwa hili tundu, usiguse plus na minus za betri kwa wakati mmoja. Hiyo ni shoti. Kwa mita nyingi za bei rahisi hilo tundu halina fyuzi ndani, kwa hivyo waya zitayeyuka mkononi mwako.

Fungua terminali ya minus. Mguso mmoja wa mita uende kwa nguzo ya minus ya betri, mwingine kwa kile kichwa cha waya umetoa. Klipu za mamba zitakusaidia usishikilie na mkono. Sasa kila chaji inayotoka kwa betri inapita ndani ya mita.

Kuanzia hapo, usiwashe gari, usigeuze funguo, usiwashe taa kubwa. Stata hula ampea zaidi ya mia moja, na mita yako ni ya kumi.

Namba ya kwanza itakuwa kubwa. Usishtuke. Ukirudisha umeme, alamu na kompyuta huamka. Kwa ndai ya kitambo subiri dakika kumi. Kwa zenye makompyuta mengi, inaweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima ndio zote zilale. Enda ukunywe chai, usiguse kitu.

Ukirudi, soma. 0.03 ni miliampea 30, uko sawa. 0.05 bado inavumilika. 0.42? Karibu kwa kesi.

Toa fyuzi moja moja

Piga boksi ya fyuzi picha na simu kwanza. Usiruke hii hatua. Halafu toa fyuzi moja, cheki mita, irudishe kwa tundu lake, ndio uende kwa ingine. Ndani ya kifuniko cha boksi mara nyingi kuna koleo kadogo ka plastiki ka kutoa fyuzi. Kama maandishi ni ya Kijapani, apu ya kutafsiri ya simu itakusomea.

Anza na boksi ya chini ya dashibodi, halafu ile ya ndani ya boneti. Nyingi hazitabadilisha kitu. Lakini utafika moja, uitoe, na namba itoke 0.42 ianguke hadi 0.03. Hapo umenasa. Si lazima huyo ndio mwizi mwenyewe, lakini umejua anaishi mtaa gani.

Sasa soma jina la hiyo fyuzi na uorodheshe vitu vyake. Kwa Toyota nyingi za zamani, fyuzi imeandikwa DOME hubeba taa ya ndani, na mara nyingi saa na kumbukumbu ya redio pia. Kwa hivyo rudisha fyuzi, chomoa redio, cheki mita. Haijashuka? Toa balbu ya buti. Haijashuka? Toa ya ndani. Moja baada ya ingine hadi namba ianguke.

Kama gari yako inaamka kila ukitoa na kurudisha fyuzi na namba zinakuchanganya, kuna njia ya pili. Juu ya kila fyuzi ya kawaida kuna vidoa viwili vya chuma. Rudisha terminali ya betri, acha gari ilale, weka mita kwa milivolti na uguse hivyo vidoa viwili bila kutoa fyuzi. Fyuzi yenye hakuna kitu inapita itasoma 0.0. Yenye inapitisha chaji itaonyesha milivolti kidogo.

Washukiwa wa kawaida

Wasee hawa ndio hushikwa mara nyingi.

Redio ya kuongezwa. Redio ina waya mbili za kuleta moto: ya njano ni ya kudumu, ya kutunza kumbukumbu, na nyekundu inafaa kupata moto tu ukigeuza funguo. Fundi akikosa waya ya funguo, ama akiwa na haraka, anafunga nyekundu na njano pamoja. Redio inawaka, unafurahi, unaishia. Lakini sasa haijui gari imezimwa. Ukizima skrini inabaki imeamka nyuma ya pazia. Dawa ni kurudisha nyekundu kwa waya ya funguo.

Amplifaya ya buti. Yenyewe hupata moto moja kwa moja kutoka kwa betri kupitia waya nene, na kuna waya nyembamba, mara nyingi ya bluu, ya kuiambia iwake redio ikiwaka. Ikiunganishwa na moto wa kudumu, amplifaya hailali kabisa. Gusa chuma yake asubuhi kabla ufungue gari sana: ikiwa na joto, umepata.

Swichi ya breki. Juu ya pedo ya breki kuna swichi, na kwa gari nyingi za Kijapani inabonyezwa na kipande kadogo ka plastiki ama mpira. Kikizeeka kinavunjika na kuanguka kwa kapeti. Swichi inadhani umekanyaga breki milele. Ukikuta vipande vya plastiki karibu na pedo, zunguka nyuma ucheki taa. Mchana huenda usione, enda usiku. Hii kitu ni ndogo sana kwa bei lakini inaua betri kwa usiku mmoja.

Taa ya buti na ya kabati la dashibodi. Huwezi ziona ukiwa umefunga. Weka simu ndani ikirekodi video, funga, hesabu hadi kumi, fungua, angalia. Video ikiwa nyeusi, hiyo taa haina kesi.

Rilei imekwama. Rilei ni swichi ya sumaku. Ikiungua ndani inaweza kushika na isiachilie, kwa hivyo feni ama pampu inaendelea kupata moto. Baada ya gari kulala masaa, pitisha kidole juu ya rilei zote. Yenye ina joto peke yake inafaa kueleza. Hii ndio pia huleta ile shida ya leo inadedi, kesho iko sawa, juu hushika siku zingine tu.

Alamu na traka. Alamu ya kitambo yenye waya zimelika inaweza kula mara mbili au tatu ya kawaida. Traka hula kidogo, lakini ukipaki bezimenti hakuna netwaki, inahangaika kutafuta na kula zaidi. Kama gari iko na loan, usichomoe traka wewe mwenyewe. Pima, piga picha ya mita, halafu uite waliofunga waje waicheki.

Chaja ya simu kwa tundu la sigara. Kwa gari zingine hilo tundu lina moto hata funguo ikiwa mfukoni. Chaja moja tupu hula kidogo, lakini na kamera ya dashibodi ikiwa hapo hapo, hiyo ni stori ingine.

Umetoa fyuzi zote na bado inakula?

Basi mwizi hapiti kwa fyuzi umetoa. Wa kwanza kushukiwa ni altaneta. Ndani yake kuna dayodi, vitu vya kuruhusu chaji iende njia moja tu, kutoka altaneta hadi kwa betri. Moja ikiharibika, usiku chaji inarudi nyuma kupitia altaneta. Ujanja wake ni kwamba mchana inaweza kuonekana inachaji vizuri, kwa hivyo watu wengi humpita.

Kumpima: toa minus ya betri kabisa kwanza. Fungua ile waya nene nyuma ya altaneta, ifunike na tepu isiguse chuma yoyote, halafu rudisha mtego wako wa mita. Namba ikianguka, umepata. Peleka altaneta kwa fundi abadilishe dayodi. Mara nyingi si lazima ununue altaneta nzima, na Kirinyaga Road kuna watu kazi yao ni hiyo tu.

Kama si altaneta, fuata kila waya nyembamba yenye imefungwa moja kwa moja kwa plus ya betri. Gari haikutoka kiwandani na kienyeji cha waya nyekundu na tepu hapo. Kila moja ni ya mtu aliongeza kitu. Itoe moja moja, ucheki mita.

Mambo ya kuwachia wengine

Kwanza, ile ya kutoa terminali ya betri injini ikiwa inanguruma ndio "kupima altaneta". Fundi wengi wa mtaa bado hufanya. Betri ndio hutuliza volti za gari, na ukiitoa ghafla, volti zinaweza kuruka juu na kuchoma kompyuta ya injini ama redio. Mita inakupa jibu hilo hilo bila hatari.

Pili, usibadilishe fyuzi ya 10 na ya 30 juu "inaungua sana", na usiweke kipande cha waya. Fyuzi ikiungua inakuambia kuna shoti. Ukiinyamazisha, kinachofuata kuungua ni waya, halafu gari.

Tatu, betri ikichaji hutoa hidrojeni, na hiyo hulipuka. Hakuna sigara hapo karibu, hakuna kugusanisha waya "tuone kama kuna moto". Toa pete na saa ya chuma. Ukifungua, minus itoke kwanza. Ukifunga, minus irudi mwisho.

Nne, ukishamaliza, usitegemee altaneta ifufue betri imekauka. Kazi yake ni kurudishia chaji yenye stata imetumia, si kujaza tangi tupu kwa foleni ya Thika Road. Ipeleke kwa fundi wa betri mtaani aichaji na mashine usiku mzima, ama tumia chaja yako.

Na kama huna wakati wiki hii, toa tu minus kila usiku, ama weka ile swichi ya kukata betri. Saa itarudi sufuri, redio inaweza kusahau stesheni, na alamu haitalia mwizi wa kweli akija. Kwa hivyo iwe ya muda mfupi, mpaka utafute shida.

Ukienda kwa fundi

Si lazima umalize kazi yote mwenyewe. Kufuata waya ndani ya dashibodi inaweza kuwa ngumu, na fundi mzuri wa stima za gari anastahili pesa yake. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya msee anafika karakana akisema "betri inaisha, sijui mbona," na mwenye anasema: "Betri ni mzima, altaneta inatoa 14.1, gari ikiwa imezimwa inakula ampea 0.42, na nikitoa fyuzi ya DOME inashuka hadi 0.03."

Wa kwanza atauziwa betri, labda na altaneta juu yake. Wa pili amemwambia fundi aanze wapi, na kazi inaweza kuwa ya nusu saa. Mwambie pia akimaliza aweke mita tena mbele yako, na usilipe hadi uone namba iko chini ya 0.05. Halafu piga hiyo namba picha. Siku ikisumbua tena, utajua kama ni mwizi yule wa zamani amerudi ama ni mwingine.